Pua Haijui Kalenda ya Ziwa

Kama unasoma haya huku umeshika kioo, kiweke chini kwanza. Najua unachotazama. Unatazama ule upande uliolala, au ncha iliyogeuka, au tundu moja lililobanwa, na tayari unapanga lini utarudi kwa daktari akurekebishe. Mimi nilikaa na kioo hicho mwaka mmoja na miezi. Sasa nimekiweka, nami naandika kwa sababu wakati ule nilitafuta mtu wa kunieleza yatakayonipata nikakosa. Niliowapata walikuwa wa kunicheka na wa kuniuzia mafuta ya kupaka.

Mimi ni mwanamke wa samaki. Nilizaliwa Kilwa, upande wa Kongo, nikaolewa Kashikishi, upande wa Zambia, na kwa miaka mingi nimenunua samaki wakavu hapa bandarini na kuwapeleka Lubumbashi. Kazi hii inataka mikono, mdomo na pua, na hasa pua. Chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa letu la Mweru, ambao sokoni huitwa pia kapenta, huanikwa mchangani. Wakinyeshewa kabla ya kukauka huoza polepole, na muuzaji mjanja huwaficha katikati ya gunia, akafunika kwa wakavu. Jicho halioni kitu. Unatumbukiza mkono hadi kwapani, unatoa konzi moja kutoka chini, unaisogeza puani, na pua inatoa hukumu. Wateja wangu wa Lubumbashi walikuwa hawafungui hata magunia yangu. Wakisikia ni ya Mama Espe, wanapakia.

Na pua hiyohiyo ndiyo niliyoichukia tangu utoto. Ni ya baba yangu, pana, imetulia usoni kama mwenye nyumba. Shuleni Kilwa waliniita Prizi, kwa sababu matundu yangu mawili yalifanana na yale ya umeme ukutani. Nimekua, nimezaa watatu, nimejenga, lakini kila mtu aliponielekezea simu anipige picha, nilisikia tena: Prizi, geuka huku! Nilipopata simu yangu mwenyewe nikawa nafuta kila picha yangu. Usinicheke. Au nicheke, nimeshazoea.

Mteja wangu mmoja wa Lubumbashi ndiye aliyenionyesha kwamba pua inaweza kubadilishwa. Yake ilikuwa imechongwa vizuri, huwezi kujua. Nikaenda kliniki, ambayo jina lake naliacha, nikachagua mwezi wa kwanza.

Hapo niwaeleze wasio wa huku. Ziwa letu hufungwa mwezi wa kumi na mbili ili samaki wazaliane, na hufunguliwa mwezi wa tatu. Kwa hiyo sisi watu wa samaki kila jambo la mwili na la nyumba tunalisukumia huko: harusi, kuezeka, kung'oa jino, na kujifungua pia, ikiwezekana kupanga. Daktari wa Lubumbashi aliniambia waziwazi kwamba pua huchukua mwaka mzima kutulia, na kwamba kwa miezi kadhaa nisikae kwenye moshi wala nisibebe mizigo. Niliitikia "ndiyo, docteur" huku kichwani nikihesabu siku hadi ziwa lifunguliwe. Nilisikia mwaka, nikaelewa miezi miwili.

Nyumbani nilimwambia mume wangu, Mulenga, kwamba nakwenda kuwasalimia wateja. Nilirudi na plasta usoni na macho yamevimba.

"Nani amekupiga?" akauliza, na alikuwa tayari anatafuta viatu.

Nilipomweleza, alivua viatu akakaa. Hakugomba. Mulenga ni Mbemba mpole, fundi wa injini za boti, mtu ambaye akikasirika husafisha spana. Siku ile alisafisha zote.

Siku ya kwanza ya mwezi wa tatu nilikuwa bandarini. Ni mimi peke yangu niliyeona kwamba pua yangu mpya ni nzuri, nyembamba, imenyooka. Nilijipitisha kwenye matanuri ya kukaushia samaki, moshi machoni, nikabishana, nikainama juu ya magunia. Wiki ya pili, tulipokuwa tunapakia, kona ya kreti ilinigonga puani, si kwa nguvu sana. Damu kidogo ilitoka, nikaifuta na kitenge, kazi ikaendelea. Mpaka leo sijui kama iliyoharibu ni kona ile, au moshi, au mkono wa daktari, na nimechoka kutafuta wa kumlaumu. Ninachojua ni kwamba kabla ya Pasaka pua ilianza kuhama. Ncha ikaelekea kushoto. Upande wa kulia ukadidimia kana kwamba mtu ameubonyeza kwa kidole.

Nikavuka kwenda Kilwa kumwona mama, nimejifunga kitambaa hadi machoni. Alikuwa amekaa nje anachambua mboga. Nikavua kitambaa.

"Bonjour, madame," akasema. "Unatafuta nani hapa?"

"Mama, ni miye."

"Miye nani?"

"Espe. Mutoto yako."

"Mutoto yangu eko na pua ya baba yake. Weye sikujui."

Akaendelea kuchambua. Nilidhani anatania, maana mama ni mtu wa mzaha. Nikasimama pale mpaka mboga zikaisha, naye hakuinua macho. Baba alikuwa amefariki miaka sita nyuma, nami sikuwa nimefikiri hata siku moja kwamba mama alikuwa akinitazama mimi ili amwone yeye. Nililia njia nzima ya kurudi ziwani, na kulia kwenyewe kulikuwa shida, kwa sababu pua iliziba, nikawa nahema kwa mdomo kama samaki aliyetolewa majini.

Baridi ya mwezi wa sita ilipokuja, nilikuwa nimeshaujua mwili wangu mpya. Nikivuta pumzi kwa nguvu, tundu la kulia linajifunga lenyewe. Nikilala napiga filimbi, watoto wakaniita kituo cha polisi. Ncha ya pua haikuwa na hisia, ungeweza kuichoma sindano. Asubuhi mdomo umekauka hadi ulimi unanata. Mulenga alihamishia godoro lake sebuleni, akasema ni kwa ajili ya mgongo.

Lakini la harufu sikumwambia mtu. Nilikuwa nainama juu ya gunia, nanusa, na hakuna kinachokuja, au kinakuja kidogo, kama sauti ya mtu aliye nyumba ya tatu. Nikawa naigiza. Naleta konzi puani, nakunja uso, natikisa kichwa kama mtaalamu, kisha nakisia. Mwezi wa tisa nilikisia vibaya. Magunia manne yalifunguliwa Lubumbashi mbele ya watu, na kilichokuwa ndani kilifukuza hata nzi. Yule mteja mwenye pua nzuri alinipigia simu. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliniuliza taratibu, "Mama Espe, uko mugonjwa?"

Aliyegundua ni rafiki yangu Bana Chola. Yeye ni Mzambia wa hapahapa Kashikishi, mwanamke mrefu, ana Kiswahili cha sokoni tu, lakini macho yake hayahitaji lugha. Siku moja alichukua kipande cha samaki aliyeoza kabisa, akakificha nyuma ya kitenge, akanijia kwa nyuma na kukiweka chini ya pua yangu nikiwa naongea. Niliendelea kuongea.

"Awe, mukwai," akasema, maana yake hapana, hapana kabisa. "Espe. Pua yako imekufa."

Nikajaribu kubisha, nikashindwa. Tukakaa juu ya kreti nikamwambia yote. Hakunipa pole wala hakunikaripia. Alisema tu, "Kesho unaniita mbele. Miye ninusa, weye unabishana bei." Na ndivyo ilivyokuwa tangu siku ile. Kila asubuhi, kabla hajaenda kwenye manunuzi yake, alikuja kwenye magunia yangu, akainama, akanusa, akanipa ishara kwa jicho. Wauzaji walidhani ni ushirika mpya. Mara nyingi alipomaliza yangu, samaki wazuri wa kwake walikuwa wameshachukuliwa na wengine, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimejaa shida zangu, sikuliona hilo.

Mwezi wa kumi na moja nikaamua: ziwa likifungwa tu, nafanyiwa ya pili. Safari hii Lusaka, kwa daktari ambaye watu walimsifu. Nilitaka pua iliyonyooka, nilitaka kumfunga mama mdomo, nilitaka kuonyesha kwamba sikuwa mjinga mara ya kwanza, ila nilikuwa na bahati mbaya. Hili la mwisho ndilo lililonisukuma zaidi, nakiri.

Na safari hii nilimwambia Mulenga kabla. Tulikuwa tunakula. Akaweka tonge chini.

"Unafikiri nilikasirika kwa sababu ya pua," akasema. "Pua ni yako. Ungetaka ungeikata yote. Mimi uliniambia unakwenda kwa wateja. Kama ungekufa juu ya kitanda kile, ningeletewa maiti nikiwa nasubiri zawadi."

Nilikuwa sijawahi kuliwaza hilo. Nikamwomba msamaha, kwa Kibemba na kwa Kiswahili, nikapiga magoti kama wanavyofanya wanawake wa kwao. Akasema niinuke, ugali unapoa. Siku ya safari alikuja na chupa ya chai na begi lake, hakusema anakwenda wapi, akapanda basi akakaa karibu na mimi.

Chumba cha kungojea cha Lusaka kilikuwa na viti vya bluu na televisheni isiyo na sauti. Tulikaa pale kutoka asubuhi hadi saa nane. Kila aliyeingia nilimtazama pua kwanza, kama vile mtu mwenye kiatu kibovu anavyotazama viatu. Karibu yangu alikaa mama mmoja, umri wangu, amevaa vizuri. Mulenga alimmiminia chai, basi tukaanza kuongea. Alikuwa ameshafanyiwa tatu, anakuja kuuliza ya nne.

"Ya kwanza niliifanya kwa sababu ya watu," akaniambia. "Ya pili nikaifanya kwa sababu ya ile ya kwanza."

"Na ya tatu?"

Akafikiri, chai mkononi. "Ya tatu sikumbuki vizuri nilitaka nini."

Aliitwa kabla yetu. Alipotoka hakutuaga, na mpaka leo namwombea.

Daktari alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mikavu. Kwa bahati alikuwa wa kaskazini, tukaongea Kibemba. Alinikagua kwa taa, akabonyeza hapa na pale, kisha akachukua kijiti chembamba, akakiingiza kwenye tundu la kulia na kuinua ukuta wa pua kwa ndani, kidogo tu.

"Vuta pumzi."

Nikavuta. Wenzangu, hewa iliingia! Iliingia yote, baridi, hadi kifuani, kama mlango wa jikoni uliofunguliwa. Nilishika mkono wake ili asikitoe kile kijiti. Alikitoa, na mlango ukafungwa tena, nikaanza kulia mbele ya mume wangu na nesi.

Akanieleza njia mbili. Ya kwanza ndogo: atachukua kipande cha gegedu nyuma ya sikio, aweke pale kijiti kilipokuwa, njia ibaki wazi. Pua itabaki imepinda, lakini itapumua, na harufu huenda ikarudi, hawezi kuapa. Ya pili kubwa: kuvunja yote na kujenga upya kwa gegedu la ubavu. Hiyo ingeweza kunipa sura niliyoitaka. Ingeweza pia kuleta makovu zaidi ndani, na makovu hayo yangeweza kuifunga ile njia moja kwa moja. Akaniomba picha ya jinsi nilivyokuwa kabla.

Sikuwa nayo. Nilikuwa nimezifuta zote. Nikapekua simu, nikapekua begi, mwishowe nikatoa kadi yangu ya mpiga kura ya Kongo, ambayo sikuweza kuitupa kwa sababu bila hiyo sivuki ziwa. Picha yenyewe mnazijua: nyeusi nyeupe, uso umenuna, pua imejaa kadi nzima. Niliona aibu kumpa. Aliitazama kwa muda, akasema, "Hii ilikuwa inafanya kazi vizuri sana."

Hakuna mtu aliyewahi kuisifu pua yangu kabla ya siku ile.

Nikamwambia nataka ile kubwa, mwezi ujao, ziwa limefungwa. Akakataa. Alitaka mwaka na zaidi upite tangu ile ya kwanza, nyama ilainike. Akanipangia mwezi wa sita.

"Mwezi wa sita ziwa liko wazi," nikasema. "Hiyo ndiyo miezi ya kazi."

"Mama, pua haijui kalenda ya ziwa."

Mulenga akacheka kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu nilipoweka plasta.

Basi nikangoja. Mvua zikaja, ziwa likafungwa, nikakaa nyumbani bila la kufanya isipokuwa kufikiri, kubwa au ndogo. Kuna siku niliamka nikitaka ile kubwa tu. Kuna siku niliwaza kutofanya lolote. Niliwaomba ushauri watu wengi mno, na wote walikuwa na pua zao. Majuto ni mjukuu, wanasema, na wangu alikuwa amehamia kwangu kabisa na begi lake. Kilichonisaidia mwisho ni jambo dogo. Mwezi wa tatu ziwa lilipofunguliwa, Bana Chola alikuja asubuhi kama kawaida kuninusia, naye alikuwa na homa, anatetemeka ndani ya kitenge. Nikamwuliza kwa nini amekuja. Akasema, "Weye utanunua je?" Pale nikajua ninachokitaka. Nilitaka kuweza kumwambia aende nyumbani akalale.

Mwezi wa sita nikafanya ile ndogo. Mulenga alingoja kwenye viti vya bluu na chupa yake ya chai. Nilipozinduka nilikuwa na bandeji sikioni na puani, na yeye anasema, "Umeamka, Prizi?" Nilikuwa sijawahi kumwambia jina hilo. Alilipata kwa mama. Kumbe walikuwa wanapigiana simu wiki nzima.

Safari hii nilitii. Sikukanyaga bandarini, sikusogelea moshi, sikubeba hata ndoo ya maji. Watoto walipika, wakaunguza, tukala. Bana Chola alininunulia magunia yangu, wakati mwingine akiacha yake. Bandeji ilipotoka nilijitazama mara moja: imepinda vilevile kushoto. Nikavuta pumzi. Ikaingia. Nikakirudisha kioo ukutani.

Mama alivuka ziwa mwenyewe kuja kuniona. Alinishika kidevu, akanigeuza kulia, akanigeuza kushoto, kama anayepima muhogo.

"Alors. Inapumua?"

"Inapumua, mama."

"Haiko ya baba yako."

"Haiko, mama. Unisamehe."

Akaweka kidole kwenye ile ncha iliyopinda. "Baba yako naye alipigwa teke na ng'ombe pale kabla ya kunioa. Ikapinda hivihivi mwezi muzima." Sijui kama ni kweli. "Leta chakula, Espe. Niko na njaa."

Lakini harufu haikurudi. Mwezi wa saba, wa nane, wa tisa. Nilijaribu kahawa, nilijaribu sabuni, nilijaribu soksi za Mulenga. Nikajiambia pumzi inatosha, na kweli ilikuwa inatosha: nilikuwa nalala mdomo umefungwa, na godoro lilikuwa limerudi chumbani, mgongo umepona kwa muujiza.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zimeshanyesha, siku chache kabla ziwa halijafungwa, nilikuwa bandarini mbele ya magunia ya mama mmoja kutoka Kilwa. Bana Chola alikuwa anakuja kwa mbali. Nikatumbukiza mkono kwa mazoea tu, nikatoa konzi kutoka chini, nikaisogeza puani.

Ilinipiga. Ilikuwa uvundo, uvundo kamili, maji ya mvua na mchanga na samaki aliyekufa mara mbili. Niliachama.

"Inanuka!" nikapiga kelele. "Mama, kapenta yako inanuka!"

"Weye mama, unasema nini mbele ya batu?" Yule muuzaji akashika kiuno. "Hii kapenta ni mupya!"

"Imeoza! Imeoza kabisa, mama! Aksanti!" Nikamkumbatia, na chisense zake zilizooza mkononi mwangu. "Aksanti sana!"

"Batu ya huku beko na wazimu," akawaambia wenzake, akijitoa.

Bana Chola alifika, akainama, akachukua moja kutoka kiganjani mwangu. Akanusa. Akanitazama, na machozi yangu yakiwa yanashuka kila upande wa pua iliyopinda.

"Imeoza," akasema.

Akanyoosha mgongo wake, akaokota kikapu chake, akaenda kununua samaki wake.